Mtoto Asiyeshtuka

Upepo uliubamiza mlango wa jikoni, na Kulwa akaruka. Mikono yote miwili ilifunguka kama ya mtu anayeanguka kutoka juu, vidole vikatawanyika, kidevu kikatetemeka, kisha mikono ikarudi kifuani polepole na kilio kikafuata. Nkwimba, mama yake, naye aliruka. Tangu kulipopambazuka ilikuwa hivyo hivyo. Sufuria ikigonga, Kulwa anaruka. Jogoo akiwika, Kulwa anaruka. Hata alipopiga chafya mwenyewe, alijishtua akalia. Kando yake, juu ya mkeka uleule, pacha wake Doto alilala kimya akitazama dari, mpole, hasumbui, mtoto ambaye kila mgeni aliyeingia nyumba ile alimsifu.

"Ni degedege," Nkwimba alinong'ona, na neno lenyewe likamtia baridi mgongoni. Mdogo wake wa kuzaliwa alikufa kwa degedege, na yeye Nkwimba alikuwepo, akashika miguu.

Tena siku yenyewe ndiyo hiyo, Jicho likiwa linaning'inia darini.

Lilikuwa taa ndogo tu, halizidi kikombe cha kahawa. Asubuhi Milembe, mhudumu wa afya wa mtaa, alipanda juu ya stuli akalifunga kwenye boriti, akashuka akijifuta vumbi. Kila nyumba ya Shinyanga yenye mtoto wa miezi mitatu ilipata zamu yake ya Jicho. Sheria ilishakataza mashine kuhifadhi sura za watoto wa watu, kwa hiyo Jicho halikuona uso wala ngozi. Liliona nukta tu, kila kiungo nukta yake, na jinsi nukta hizo zinavyotembea. Jina la mtoto liliambiwa kwa mdomo.

"Mlaze chali, awe macho, ameshiba," Milembe alimwelekeza. "Usimvishe kofia wala soksi. Usimchekeshe. Taja jina lake, kaa pembeni, usubiri rangi. Ukiona kijani, mshukuru Mungu. Ukiona nyekundu, niite. Nyekundu siku hizi si mwisho wa dunia, Mama Kulwa. Nyuzi za kutibu zipo."

"Na mtu akichanganya?" Nkwimba aliuliza. Aliuliza tu, wakati huo hakuwa na nia yoyote.

Milembe akacheka bila furaha. "Mjini kule watu waliazima watoto wa jirani, wagonjwa, ili wapate nafasi za nyuzi wakaziuze. Walipokamatwa wote walisema, 'Nilichanganya.' Siku hizi mama aliyetaja jina akisema amechanganya, hasikilizwi. Mtoto wake anarudishwa nyuma ya foleni. Na foleni hiyo mpaka ije ikufikie, mtoto amekua, nyuzi hazishiki tena."

Akaenda zake. Sasa Nkwimba alikuwa peke yake chumbani na wanawe. Nje, mama mkwe wake, Mama Mihayo, alikuwa anakata viazi vya michembe na kuvianika juu ya mawe, huku akiongea na kuku. Mihayo mwenyewe, baba wa watoto, alikuwa mgodini, na mgodini simu zinaachwa getini.

Nkwimba alimtazama Kulwa akijirusha. Jicho litaona nini hapo? Litaona kichaa cha mikono. Litaona degedege. Halafu atachukuliwa, atobolewe utosi, atiwe nyuzi kichwani, na maisha yake yote ataitwa mtoto wa nyuzi. Wakati Doto hapa, mzuri, katulia kama maji ya mtungi!

Mtu akiogopa sana, akili inampa njia fupi, na njia fupi hiyo anaiona ni busara. Nkwimba alimlaza Doto chini ya Jicho, akasema kwa sauti kavu, "Doto." Jicho likawaka weupe, likasubiri, likazima. Akamnyanyua, akamfuta mate, akamlaza tena palepale, na safari hii akasema, "Kulwa."

Alikaa pembeni akijipongeza kimoyomoyo. Kijani mbili, basi, yameisha.

Jicho likawaka nyekundu. Likazima. Likawaka nyekundu mara ya pili.

*

Milembe alirudi alasiri, na alipoingia hakusema "hodi" kwa ule mdundo wake wa siku zote. Mama Mihayo alikuja na kisu cha viazi mkononi, akasimama mlangoni.

"Wote wawili?" aliuliza.

"Wote wawili, bibi. Poleni sana. Ni mtindio wa ubongo. Bado haujaonekana kwa nje, ndiyo bahati yetu. Kituo cha Nyuzi kitawapokea Jumatatu, wote kwa pamoja."

Nkwimba alikuwa amekaa chini. "Sielewi," alisema. "Doto mpole. Doto halii. Doto hana neno."

"Ngoja nikuonyeshe." Milembe aliwasha ukuta. Weupe wa chokaa ukageuka giza, na juu yake zikatokea nukta zenye umbo la mtoto. "Huyu ni mtoto mzima, wa kufundishia. Angalia viganja. Angalia vifundo vya miguu, shingo, mabega."

Nukta zilikuwa hazitulii. Hazikwenda mbali, lakini kila moja ilizunguka kidogo, huku na huku, hii ikipumzika ile ikianza, bila mpangilio wa kueleweka.

"Unaona? Kama maji kwenye sufuria kabla hayajachemka vizuri. Sisi tunaita mchemko. Umri huu, mtoto akiwa macho na ametulia, mchemko lazima uwepo. Sasa mtazame Doto."

Nukta nyingine zikaja. Zilikaa. Mguu mmoja ulinyooka mzima, ukakaza, ukalegea mzima. Mikono ikafuata, yote kwa pamoja. Kisha kimya. Viganja vilikuwa vimefunga ngumi, na ndani ya ngumi zile hakuna kilichocheza.

Nkwimba alijikuta ameziba mdomo kwa kanga. "Na kushtuka?" aliuliza kwa shida. "Mtoto anayerusha mikono kila mlango ukigonga?"

"Huko? Huko ni kuwa mtoto, dada. Wanazaliwa nako, wengi wanakuacha wakikaribia miezi minne, mitano. Akiwa macho, anashtuka kwa sababu, mikono yote miwili sawasawa, halafu anatulia. Hiyo si degedege. Mimi nikisikia mtoto wa umri huu hashtuki hata bati likianguka, hapo ndipo naanza kuuliza maswali."

Mama Mihayo aliweka kisu chini. "Kulwa anashtuka sana," alisema. "Mbona na yeye nyekundu?"

Milembe alifikiri kidogo. "Jicho halisomi kushtuka, bibi. Linasoma mchemko, na kwa Kulwa mchemko haupo. Nukta zake na za mwenzake utadhani mtoto mmoja. Ndiyo mapacha hayo."

"Ndiyo mapacha," mama mkwe alikubali, na machozi yakamtoka.

Nkwimba alimsindikiza Milembe mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa amepanga kulifanya. Alitembea kando yake akitafuta namna ya kuuliza bila kuuliza. "Hizo nyuzi," alisema mwishowe. "Mtu akimtia mtoto mzima, kwa bahati mbaya tu, zinamfanya nini?"

"Hakuna anayemtia mtoto mzima."

"Nauliza tu, Milembe. Sijasoma mie."

Milembe alisimama. "Ni nyuzi hai. Zinaingia kwa sindano nyembamba kuliko unywele, zinatambaa zinatafuta pengo lililoachwa na ugonjwa, zinalifunga. Ndiyo kazi zinayoijua. Zikikosa pengo..." Alitikisa kichwa. "Zikikosa pengo, zinalitengeneza."

*

Tangu hapo Nkwimba hakula. Ugali ulikuja, ugali ukarudi. Aliwalaza watoto kwenye mkeka kila waliposhiba, akainama juu yao, akatazama. Na mara tu alipojua pa kutazama, aliona. Loo, aliona! Viganja vya Kulwa vilikuwa vinazunguka kidogo kidogo, vidole vikifunguka kimoja kimoja. Kifundo cha mguu kikizunguka. Shingo ikigeuka huku na kule kama anayetafuta sauti. Mchemko mtupu. Na kando yake Doto wa kusifiwa, Doto hasumbui, amekaa na ngumi zake. Ule upole alioringia kwa majirani ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Alitamani ardhi impasukie.

Akasema, nitakwenda kusema ukweli. Akafika mlangoni. Akasema, nikisema, Doto anarudishwa nyuma ya foleni, hatatembea, hatashika kijiko, na nitakuwa nimemfunga miguu kwa mdomo wangu. Akarudi. Akasema, nisiposema, Jumatatu wanamtoboa Kulwa mzima, zile nyuzi zinamla. Akaenda mlangoni tena. Mama mkwe alikuwa anamtazama tu akienda na kurudi.

"Mama," Nkwimba alisema, "kama angetibiwa mmoja tu. Mmoja akapona, mwenzake tukaacha kwanza..."

"Weee!" Mama Mihayo alipandisha sauti. "Usinichurie wajukuu. Tangu lini? Mapacha ukimpa Kulwa, unampa na Doto. Nguo hivyo, chakula hivyo, dawa hivyo. Na Kulwa ndiye mkubwa, ndiye anayeanza. Ukimruka mmoja, mwingine anaugua kwa uchungu. Mimi nimelea mapacha wa dada yangu, najua ninachosema."

Kulwa ndiye anayeanza. Maneno hayo yalimkaa Nkwimba kichwani mpaka yakazaa mpango, na mpango wenyewe ulikuwa huu. Kituoni hawawajui watoto kwa sura. Wanawajua kwa shanga za mkononi alizowafunga bibi yao siku walipotolewa nje: Kulwa nyeusi, Doto nyeupe, na Milembe alishawaambia hivyo watu wa Kituo. Ataitwa Kulwa kwanza. Basi Nkwimba atamvisha Doto shanga nyeusi. Doto ataingia kwa jina la kaka yake, atiwe nyuzi zake, atoke. Na nyuzi zikishaingia hazitolewi, hata sheria iseme nini. Hapo ndipo, wakiita "Doto," Nkwimba atapiga magoti aseme kila kitu. Wamfunge wakitaka. Miguu ya Doto itakuwa imeshaokoka, na Kulwa atakuwa hajaguswa.

Alipokwisha kupanga, aliogopa zaidi kuliko kabla. Uongo wa kwanza ulikuwa wa woga. Huu wa pili alikuwa anaushona kwa mkono wake, mshono kwa mshono.

*

Kituo cha Nyuzi kilikuwa cheupe, baridi, kinanukia spiriti. Ndani ya teksi Nkwimba alikuwa amebadilisha shanga chini ya kanga. Kisha akamfunga Doto mgongoni mwake mwenyewe, na mama mkwe akambeba Kulwa. Walisalimiana na wanawake wengine waliokuwa wakisubiri. "Mwangaluka," Mama Mihayo alisema kwa sauti ya heshima, na benchi zima likamwitikia.

"Mama Kulwa, njoo utie kidole," sauti iliita kutoka dirishani.

Ilibidi amteremshe Doto, kwa maana dirishani hapakuruhusiwa mtoto. Alimkabidhi kwa mama mkwe, akaenda. Dirishani mashine ilikataa kidole chake, kilikuwa na jasho. Akafuta, ikakataa. Akafuta tena. Kijana wa dirishani akampa kitambaa, akamwambia atulie, mama, hakuna anayekufa hapa.

Alipogeuka, benchi lilikuwa na Mama Mihayo na mtoto mmoja tu, amefungwa mgongoni, uso umefunikwa na kanga.

"Wameshamwita Kulwa," mama mkwe alisema. "Kimbia, mlango ule, wamesema mzazi akatazamie kwenye kioo."

Nkwimba alikimbia. Mpango umekwenda, alijiambia. Doto ameingia. Mungu nisamehe, Doto ameingia.

Nyuma ya kioo palikuwa na kitanda kidogo, na juu yake mtoto aliyefunikwa shuka ya kijani, uso haukuonekana. Kilichoonekana ni utosi ulionyolewa na mkono mmoja uliochomoza, na kwenye mkono huo shanga nyeusi. Daktari Limbu, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa ananawa. Milembe alikuwa ndani pia, amevaa barakoa, akamwinulia Nkwimba kidole gumba. Chini ya kitanda mashine ilikuwa inahema.

"Hatumlazi usingizi," sauti ya daktari ilipita kwenye spika. "Nyuzi zinataka ubongo ulio macho. Haumii, mama. Usiogope."

Muuguzi akasogeza sinia la vyuma. Sinia likagonga kona ya meza, likalia ngwaa!

Mtoto akaruka. Shuka ilipaa, mikono yote miwili ikafunguka, vidole vikatawanyika, mkono wenye shanga nyeusi ukatetemeka hewani, kisha mikono ikarudi kifuani polepole, na kilio kikafuata.

Nkwimba alijua kilio kile. Alikijua tangu kilipotoka tumboni.

Vipi? Shanga nyeusi alimvisha Doto! Kisha akamwona mama mkwe, kwa akili yake tu, amekaa kwenye benchi na wajukuu wawili mapajani, akitazama mikono yao na kutikisa kichwa: mkwe wangu kachoka, leo hata shanga anachanganya. Na kwa vidole vilevile vilivyofunga shanga zile siku ya kwanza, akazirudisha mahali pake. Kulwa nyeusi. Doto nyeupe. Kulwa ndiye anayeanza.

Daktari alikuwa ameshashika sindano. Haikuonekana, ilionekana tu namna alivyoishika.

Nikinyamaza, Nkwimba aliwaza, Doto anafuata, anapona. Huyu anaharibika. Nikipiga kelele, huyu anabaki mzima, na Doto anakwisha. Alitamani mtu mwingine achague. Hakukuwa na mtu mwingine. Doto hakuwa akiumizwa na yeyote sasa hivi, ila ugonjwa wake. Lakini huyu hapa, huyu anayelia, mtu alikuwa karibu kumuumiza kwa sababu mama yake alisema uongo.

Alikigonga kioo kwa ngumi zote mbili. "Acheni! Huyo mzima! Huyo Kulwa, hana ugonjwa, acheni jamani!"

*

Walitoka nje kwenye ukumbi mdogo, daktari na Milembe. Mama Mihayo aliletwa, akiwa na Doto mgongoni. Kulwa alikuwa kifuani kwa Nkwimba, bado ana kwikwi. Juu ya mlango taa ndogo ya bluu ilikuwa imewaka, maana yake chumba kinasikiliza, na kila linalosemwa hapo limeshasemwa, halifutiki.

"Mama," Daktari Limbu alisema kwa sauti ya chini, "fikiri kabla ya kujibu. Nani alitaja majina chini ya Jicho?"

"Mimi."

"Na aliyelazwa mara mbili ni Doto."

"Ndiyo."

Daktari alivua miwani. Nkwimba aliona kwamba hafurahii, na hilo lilimwogopesha kuliko hasira. "Sheria haitambui kukosea kwa mama aliyetaja jina," alisema. "Unajua hilo? Inatambua udanganyifu tu. Naomba uniambie kama kuna jambo jingine ninalopaswa kulisikia."

Nkwimba alifungua mdomo. Alitaka kusema niliogopa, niliogopa tu, hakuna jingine. Ndipo Mama Mihayo alipokohoa.

Mwanamke yule hakujua lolote mpaka dakika ile. Lakini alikuwa amesikia kelele za kwenye kioo, amesikia "Doto mara mbili," na sasa alikuwa anamtazama mkwe wake usoni, taratibu, kama anayesoma. Nkwimba aliona anapofika mwisho wa kusoma. Hasira ilipita machoni mwa mama yule, hasira ya kweli kweli. Kisha ikakaa kando.

"Alitaja yeye, daktari," Mama Mihayo alisema. "Ila hakuwachukua yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea watoto, mmoja mmoja, wamefunikwa. Nilimpelekea Doto, nikamrudisha, nikampelekea Doto tena. Macho yangu yameisha, na sikutaka watu wajue. Hata leo shanga nimezishikashika, waulizeni hao wa kwenye benchi."

Milembe alimtazama bibi, akamtazama Nkwimba, akatazama sakafu. Alikuwa amefika nyumba ile mara nyingi. Alijua kwamba mtaa mzima hakuna aliyewatofautisha mapacha wale haraka kuliko bibi yao, hata kwa nyuma, hata gizani, na kwamba hilo lilikuwa fahari yake kubwa kuliko zote.

"Bibi," daktari alisema, "mlezi akichanganya watoto chini ya Jicho, mtoto hapotezi zamu, ila mlezi hakai nyumba moja nao. Hawashiki. Mpaka yule mgonjwa atembee kwa miguu yake. Unaelewa?"

"Nimeelewa."

"Na asipotembea?"

Mama Mihayo alifungua kanga yake, akamtoa Doto mgongoni, akamkabidhi kwa Milembe, kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono mitupu.

Nkwimba alifungua mdomo mara ya pili. Taa ya bluu ilikuwa inawaka. Mama mkwe alisogea karibu yake kana kwamba anamtengenezea Kulwa shuka, lakini hakumgusa mtoto, akamwambia sikioni, "Nyamaza. Ulimi wako ukifunguka, miguu ya Doto inafungwa." Na Nkwimba akanyamaza.

Jicho lilitundikwa palepale. Kulwa, aliposhiba na kutulia, alipata kijani. Doto alipata nyekundu, akaingizwa ndani, na safari hii Nkwimba alitazama kwenye kioo mpaka mwisho.

*

Mama Mihayo alihamia kwa mjane mmoja upande wa pili wa barabara, chumba kimoja, kitanda cha kuazima. Kila jioni alitoa kigoda chake akakaa akitazama nyumba yake mwenyewe. Nkwimba alimpelekea chakula, na mama mkwe alikipokea, akauliza habari za wajukuu, asiulize jambo jingine. Mihayo aliporudi kutoka mgodini aliambiwa kile ambacho mtaa uliambiwa, kwamba mama yake alikosea. Alikasirika na mama yake. Nkwimba alisikiliza hasira ile imekaa mahali pasipo pake, na kila mlango ulipogongwa alidhani watu wa Kituo wamekuja kumuuliza tena.

Aliwalaza watoto barazani kila walipoamka. Viganja vya Kulwa vilicheza. Ngumi za Doto zilikaa. Siku zilipita, ngumi zikakaa vilevile. Milembe alipita akasema nyuzi zinatambaa polepole, wengine zinachelewa, wengine hazifiki kabisa, hakuna anayejua mapema. Alisema hivyo na hakumtazama machoni. Wakati mwingine Nkwimba aliona kidole kikisogea, akapiga kelele moyoni, kisha akaona ni upepo tu unaotikisa shanga.

Alasiri moja ya jua kali, bati lililolegea kwenye choo cha jirani lilianguka. Nkwimba alikuwa anafua. Aligeuka kwa mazoea kumtazama Kulwa.

Kulwa alikuwa amefungua mikono, mara hii kidogo tu, kushtuka kwa mtoto anayeanza kukua. Na kando yake kulikuwa na mikono mingine hewani, miwili, sawasawa, vidole vimetawanyika, ngumi zimefunguka. Ikatetemeka. Ikarudi kifuani. Kisha Doto, mtoto mpole, Doto hasumbui, akakunja uso akalia kwa nguvu zake zote.

Nkwimba alipiga magoti kwenye maji ya sabuni. Alivitazama viganja vile. Akangoja mtoto anyamaze, akatazama tena, roho mkononi, akiogopa hata kupumua. Kidole kimoja kikafunguka. Kingine. Kiganja kikazunguka kidogo, kikapumzika, kikaanza upya.

Aliwachukua wote wawili, mmoja kila mkono, akakimbia mpaka ukingoni mwa barabara. Upande wa pili Mama Mihayo alishasimama juu ya kigoda chake, amekinga jua kwa kiganja.

"Nimesikia kilio!" alipiga kelele. "Kilio gani kile? Sikijui! Nani huyo?"

"Doto, mama! Ameshtuka!" Nkwimba alikuwa analia na kucheka. "Bati limeanguka, wameshtuka wote wawili!"

Mwanamke yule hakuvuka, kwa maana sheria ilimkataza. Alishuka kwenye kigoda, akaketi, akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda mrefu. Kisha akafunua uso.

"Basi mwambie ajifunze kutembea upesi," alisema. "Kitanda hiki cha watu kinaniumiza mgongo."